CVT imebadilishwa ndani ya waranti: ubaki na gari au uuze?

Mkuu, kabla hujaita dalali, rudi kwa wakala uombe jobu kadi (karatasi ya kazi iliyofanywa na vipuri vilivyofungwa) ya kubadilisha giaboksi. Umesema Nissan yako "ilibadilishiwa giaboksi" ya CVT (ile otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia) kwenye kilomita 82,000, na waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000 inakwisha miezi miwili ijayo. Hilo "ilibadilishiwa" laweza kuwa giaboksi nzima mpya, giaboksi iliyofumuliwa ikaundwa upya, au valvu bodi (sehemu inayoongoza presha ya oili ndani ya giaboksi) peke yake. Namba ya kipuri kwenye kadi ndiyo itasema.

Tazama pia kodi ya hitilafu iliyosomwa na mashine kwenye gari. P17F0 maana yake mkanda umeshateleza, giaboksi nzima inatoka. P17F1 inataka mkanda ukaguliwe kwanza kwa kamera. Ukiwa mzima ndipo valvu bodi pekee hubadilishwa. Kama ulifungiwa valvu bodi bila ukaguzi huo, una mkanda na puli zilezile za mwanzo.

Kitu kinachoua giaboksi mpya mapema ni kipozeo cha oili. Mkanda ukisaga puli, chembe za chuma hukimbilia humo. Kipozeo kisiposafishwa au kubadilishwa, chembe zinarudi kwenye giaboksi uliyofungiwa jana. Jobu kadi isipotaja kipozeo, ulizia kwa maandishi. Ulizia vilevile dhamana ya kipuri chenyewe inakwisha lini, maana si lazima ifuate ya gari.

Halafu endesha dakika 40 angalau, oili ipate moto. Shika mwendo wa 20 hadi 60 kwa kukanyaga kidogo tu, uone kama inatetemeka. Tafuta mlima mrefu (wa huku kwetu Kitonga inatosha na kubaki): rev (mizunguko ya injini) zikipanda gari lisiongeze mwendo, au likapoteza nguvu ghafla, lipeleke kwa wakala wiki hii hii, na malalamiko yaandikwe kwenye kadi mpya yenye tarehe na kilomita. Malalamiko ya mdomo waranti ikishakwisha hayana kazi.

Hesabu ya pesa ni fupi. Tuseme giaboksi na ufundi ni milioni 5, na ukiuza leo ukanunua jingine la hadhi hiyo unaongeza milioni 9. Hata ikifa tena mara moja, kubaki nalo kuna nafuu.

Mimi ningebaki nalo kama ni giaboksi nzima, kipozeo kimeshughulikiwa na jaribio limepita. Kama tatizo limerudi mara ya pili, uza sasa waranti ikiwa hai, na mwonyeshe mnunuzi makaratasi yote.

Ukibaki nalo, mwaga oili kila kilomita 40,000, weka NS-3 (oili ya CVT ya Nissan) na si ATF ya kawaida (oili ya giaboksi otomatiki za gia), na kiwango kipimwe oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na Nissan. Sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) ifunguliwe, sumaku zilizomo zitazamwe: vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.