Papa yupi huyo?

Swali lenu la wiki hii linamtaka msomaji ataje neno moja fupi linalokutwa katika lugha nyingi, aseme huko kote lina maana gani na limetokea wapi. Neno langu sikulitafuta. Liliingia nyumbani kwetu na ndoa.

Mama yangu anauza samaki Unguja tangu sijazaliwa. Mume wangu ni mtu wa Bukavu, na huko watoto wengi humwita baba yao papa, neno walilolipata kwa njia ya Kifaransa. Mwanetu wa kwanza alikuwa na miaka miwili tulipompeleka kwa bibi yake. Mimi na mtoto tulitangulia, mwenzangu akaja na boti ya jioni. Alipotokeza tu mlangoni, mtoto akapiga ukelele: "Papa! Papa amekuja!" Mama alikuwa jikoni amechutama mbele ya mbuzi anakuna nazi. Akauliza bila hata kugeuza shingo: "Mbichi au mkavu?"

Tulicheka mpaka chakula kikachelewa, lakini tangu siku ile neno hilo limenikaa kichwani.

Kwa mtu wa pwani papa ni samaki kwanza, mengine baadaye. Akikaushwa na chumvi huwa ng'onda, na ng'onda wa papa akipikwa kwa nazi, majirani wote hujua kwenu leo kuna nini. Zamani majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni yalipakia papa mkavu pamoja na chumvi na tende. Ini la papa nalo hutoa mafuta yaitwayo sifa, yanayopakwa kwenye mbao za chombo zisile maji. (Ndiyo, sifa. Chombo cha pwani hupakwa sifa hata kama hakina sifa yoyote.)

Kutoka baharini papa akapanda hadi kwenye siasa. Waliokuwepo Tanzania mwaka 2009 watakumbuka "mafisadi papa" ilivyovuma, ikazaa jibu kwamba kuna na "fisadi nyangumi". Hadi leo watu hulalamika kwamba dagaa ndio wanaokamatwa na mapapa wanaachwa waogelee. Ipo pia maana ya vijiweni ambayo siitaji, gazeti lenu linasomwa na watoto.

Halafu kuna papa asiye samaki wala mtu. Ukisema "nimeuacha ufunguo papa hapa", hapo ni ile *pa* ya mahali imejirudia kukaza maneno. Haina ujamaa wowote na samaki. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kutokukimbilia kusema kwamba maneno yanayofanana ni ndugu.

Basi huyu papa wa Bukavu ametoka wapi? Kifaransa wanasema papa, Kirusi papa, Kiholanzi papa, na siku hizi watoto wa Kihindi pia humwita baba zao papa. Kuna lugha zilizoazimana, hilo halina ubishi. Ila mwanaisimu Roman Jakobson alitoa maelezo mengine mwaka 1959, na mimi niliyelea watatu namwamini. Mtoto mchanga hana meno, wala ulimi wake haujakaa sawa, lakini midomo anayo. Akiifunga na kuifungua kwa pumzi, hutoka pa au ba. Akiwa ananyonya midomo imeshikwa, sauti hupitia puani, hutoka ma. Kwa hiyo ma humwendea mwenye maziwa, na pa humwangukia yule mwingine aliyesimama karibu. Mtoto hajamwita mtu; ni wazazi wanaojigawia majina. Jakobson aliegemea majina 1,072 ya mama na baba yaliyokusanywa na Mmarekani George Peter Murdock. Zaidi ya nusu ya majina ya mama yalikuwa na sauti za puani, na ya baba asilimia 15 tu.

Mgawanyo wenyewe haufuati sheria. Nchini Georgia, mama ni baba. Sijakosea kuandika: kwa Kigeorgia baba huitwa mama, na mama huitwa deda. Ukifika Urusi, baba ni mwanamke, tena mara nyingi ajuza.

Papa wa Roma ni tawi la mti huohuo wa kitoto. Wagiriki wa kale walikuwa na pappas, neno la mtoto kumwita baba, Walatini wakalichukua likawa papa. Mwanzoni halikuwa la mtu mmoja. Maaskofu wengi waliitwa hivyo, na askofu wa Aleksandria aliitwa papa tangu karne ya 3; mkuu wa Kanisa la Kikopti kule Misri ni Papa mpaka leo. Upande wa magharibi ndiko jina lilikobanwa hatua kwa hatua, hadi orodha ya haki za Papa aliyoiacha Papa Gregori VII mwaka 1075 ikasema ni jina la pekee duniani. Kwa hiyo Wakatoliki wa kwetu wanaposema Baba Mtakatifu, wamelirudisha neno pale lilipoanzia bila kujua. Waitaliano wana kazi zaidi: papa ni huyo wa Roma, papà mwenye mkazo mwishoni ni mzazi, na pappa ni uji wa mtoto. Mtoto wa Kiitaliano akikosea silabi moja anaweza kujikuta ameomba kulishwa kiongozi wa Kanisa.

Nje ya ukoo huo wapo mapapa wasiojuana kabisa. Kwa Kimalei na Kiindonesia, papa ni fukara, mtu asiye na kitu. Neno hilo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, ambako papa ni dhambi au uovu, na ndiyo pap ya Kihindi. Ingia chombo chochote baharini, papa ni herufi P kwenye redio, na bendera yake, ya buluu yenye mraba mweupe katikati, ikipandishwa bandarini ina maana kila mtu arudi chomboni, tunang'oa nanga. Kwa Wamaori wa New Zealand papa ni ardhi, na Papatūānuku, wanayemfupisha Papa, ndiye ardhi mwenyewe, mke wa mbingu. Huko Papa ni mama. Nilipomwambia mume wangu hilo, alinyamaza kidogo kisha akasema Wamaori waachwe na mambo yao.

Ninayempenda kuliko wote ni papa wa Andes. Kwa Kikechua, lugha ya Inka inayosemwa hadi sasa Peru na Bolivia, papa ni kiazi, kile tunachokiita kiazi ulaya ingawa Ulaya kilifika kama mgeni. Milima ile ndiko kilikozaliwa, na aina zake za asili zinapita 4,000. Wahispania walilichukua neno kama lilivyo. Lakini walikuwa wameshalipata jingine visiwani Karibi, batata, la kiazi kitamu. Huko Uhispania maneno mawili yakagongana, yakazaa patata. Amerika ya Kusini wao wamebaki na papa yao. Kwa hiyo kwa Kihispania el papa yuko Roma, la papa imo chunguni na papá yuko kazini.

Sasa nenda Unguja ukanunue urojo. Hivyo vipande vyeupe ndani ni mbatata. Neno hilo tuliletewa na Wareno, nao waliipata batata hiyohiyo ya Karibi. Wahispania wakachanganya, sisi tukabaki na nusu moja. Nusu ya pili, papa, haikufika kwetu. Pengine ingefika isingepata nafasi, mwenye jina alikuwa tayari yuko baharini.

Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo XIV, tulikuwa tena kwa mama. Mwanetu sasa ana miaka sita, na keshagundua kwamba neno hili linachekesha wakubwa. Akamgeukia baba yake: "Papa, huyu Papa mpya anakula papa?" Nikamjibu mimi kwamba Papa Leo ni mzaliwa wa Chicago lakini ameishi Peru miaka mingi, na amekuwa askofu Chiclayo, kwa hiyo papa amekula sana, ila si huyu wa bibi.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. "Mbichi au mkavu?"

Safari hii jibu lilikuwapo. Wote wawili. Peru huchemsha viazi, huvikata vipande vidogo na kuvianika juani mpaka vigumu kama kokoto. Sokoni huuzwa kwa jina la papa seca, yaani papa mkavu.