Kuandika 300 DPI hakuongezi pikseli hata moja

Swali: Nilipiga picha tatu za yungiyungi la buluu kwenye madimbwi ya kando ya Mto Malagarasi, kwa simu ya megapikseli 12. Nataka moja ichapwe kwenye kanvasi ya sentimita 90 kwa 60, niitundike mapokezi ya nyumba yangu ya wageni. Nilimtumia mchapaji kwa WhatsApp, akasema ni 72 DPI, nikamlipa akaifanya 300. Bado ina ukungu. Sasa anataka aipitishe kwenye programu ya kuifanya HD, au apakue picha nzuri ya lotasi mtandaoni. Nichague ipi kati ya zangu, na niiedit vipi? (Msomaji, Uvinza)

Jibu: Ndugu msomaji, ulicholipia ni maandishi. DPI inayoonekana ndani ya faili ni maelekezo kwa mashine tu: pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) ngapi zipangwe katika inchi moja. Ukiandika 72 au 300, pikseli ni zilezile. Dumu la mawese la lita 5 halijai lita 20 kwa kubandikwa lebo mpya. Na kama mchapaji aliruhusu programu iongeze pikseli, basi ilikisia rangi za katikati kwa kutazama pikseli jirani. Huo ndio ukungu unaouona. Swali hili linarudi kila wiki, na karibu kila mara mtu ameshatoa hela.

Tatizo lako lilianza kabla ya DPI. Angalia jina la faili aliyonayo mchapaji: likiwa na herufi WA katikati, huenda hiyo ni nakala iliyominywa na WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, upande mrefu hushuka hadi karibu pikseli 1,600. Sentimita 90 ni inchi 35.4, kwa hiyo unapata pikseli 45 tu kwa inchi. Faili halisi ya simu yako ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiikata iendane na umbo la kanvasi inakuwa 4,000 kwa 2,667, yaani pikseli 113 kwa inchi. Kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mita mbili, hiyo inatosha kabisa. 300 ni kipimo cha kitu kinachosomwa mkononi, kama kadi au kitabu. Mpelekee faili halisi kwa flashi au waya, au uitume WhatsApp kama hati, si kama picha.

Katika kuchagua, usitazame picha nzima kwenye kioo cha simu. Hapo kila picha inapendeza. Ikuze hadi uone stameni za njano katikati ya ua. Zikiwa zimetengana moja moja, fokasi ilikaa pazuri. Kama jani lililo mbele ndilo kali na stameni zimeyeyuka, iache hiyo, hakuna kitufe kitakachorudisha. Kisha kagua petali za upande wa jua. Mishipa yake myembamba ikiwa imepotea na kubaki weupe mtupu, mwanga ulizidi na taarifa haipo tena. Uliyoivuta kwa vidole, kama ipo, iwe ya mwisho kufikiriwa: simu nyingi hukata kipande cha kati kisha hukitanua tena, hivyo faili inasema pikseli 4,000 wakati undani haufiki huko.

Zote zikikwama, rudi ukapige upya. Yungiyungi la buluu hufunguka asubuhi jua likishapanda na kujifunga mchana, basi fika kati ya saa tatu na saa tano. Mwenzako alikinge ua na jua kwa mwavuli, nawe uguse kiini cha ua kwenye kioo kabla ya kupiga. Piga ukiwa ndani ya mtumbwi au kutoka sehemu kavu iliyo mbali na ukingo. Malagarasi ina mamba.

Kuhariri kwenyewe ni kazi ya dakika kumi, kwenye programu ya Snapseed au Lightroom, juu ya nakala. Kata kwanza, ukibakiza sentimita 4 au 5 kila upande kama kanvasi itakunjwa kwenye fremu. Ua likigusa ukingo, petali zitakunjwa nazo. Sawazisha rangi ukitumia kitu cheupe kama kipimo, shusha sehemu zilizong'aa, futa majani makavu na povu. Ukali uongeze mwisho, kidogo. Hifadhi JPEG mara moja tu kwa ubora wa juu, kwa sababu kila kuhifadhi upya hupunguza ubora. Na mkono wako usiende kwenye kitufe cha kukoleza rangi. Buluu-zambarau ya ua hili ni ngumu kwa wino: kile kinachowaka kwenye simu hutoka kimefifia au chekundu kidogo kwenye kanvasi, na ukikoleza zaidi mishipa ya petali hufutika yote.

Kabla ya kulipia kanvasi, kata kipande cha pikseli 1,320 kwa 933 chenye kiini cha ua, ukichape kijaze karatasi ya A4 bila kuacha ukingo. Huo ni takriban ukubwa utakaouona ukutani. Kibandike, rudi nyuma mita mbili, uamue.

Hiyo lotasi ya mtandaoni achana nayo. Lotasi ni mmea mwingine: majani yake husimama juu ya maji, na katikati ya ua kuna kikombe cha mbegu chenye matundu. Mgeni anayeijua Malagarasi atagundua. Tena picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda.

Programu za HD ndizo zinazoumiza zaidi. Hazirudishi kilichopotea, zinabuni kinachofanana nacho. Kwenye ua utapata petali laini kama plastiki na stameni zilizoungana, unaweza kuvumilia. Lakini watu wanazipitishia picha ya marehemu, pekee iliyobaki, ili itengenezwe bango la msiba. Inatoka kali kweli, ila macho si yake, meno si yake, na alama ya shavuni imefutwa. Baadaye ndugu wanaitunza hiyo kama sura ya mzee wao. Wengine, wakishatuma kwa WhatsApp, hufuta faili halisi ili kupata nafasi kwenye simu. Zako tatu zihamishie kwenye flashi leo, na usifute chochote mpaka kanvasi iwe ukutani.