Amri ya mahakama ya mwanzo inapingwa, je watoto watarudishwa?

SWALI: Shikamoo mwanasheria wetu. Mi niko Makorora, Tanga. Kaka angu ana watoto wawili, miaka 7 na 4, mama yao yuko Omani kikazi, sasa yeye akitoka usiku anawafungia ndani peke yao, majirani ndo wanawapa uji dirishani. Nikaenda mahakama ya mwanzo, hakimu akanipa karatasi watoto wakae kwangu, kaka hakuitwa. Leo kapata mtu wa kumwandikia barua anasema ile amri batili. Ni kweli au ananitisha tu?

JIBU: Marahaba dada. Kwa ulivyoeleza, huyo mwandishi wa barua ana hoja, tena nzito. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeanzisha Mahakama ya Watoto, na maombi ya matunzo na ulinzi wa mtoto yanaenda huko, na anayeomba amri ya mtoto kuwekwa kwenye uangalizi ni afisa ustawi wa jamii, sio shangazi. Mahakama ya mwanzo ikisikiliza talaka inaweza kuamua watoto wakae na nani, sawa, ila kwenu hakuna talaka hapo. Na watu wengi wanateleza hapa, wanadhani mkikubaliana wote basi hakimu anapata uwezo. Wapi! Mamlaka yanatoka kwenye sheria, hata kaka yako angekuja akasaini kwa kalamu yake bado mahakama isiyo na mamlaka haina, na hoja hiyo inaweza kuibuliwa hata kwenye rufaa.

Halafu hakuitwa. Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa. Najua utasema mzazi wa aina ile asikilizwe nini, asikilizwe tu dada, akipata samansi, yaani wito wa mahakama, asitokee hilo ni lake.

Ila barua haifuti amri, inafutwa na mahakama, kwa hiyo usikabidhi watoto kwa sababu ya barua. Nenda haraka ustawi wa jamii pale halmashauri ya jiji na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, waombe maombi yafunguliwe Mahakama ya Watoto. Kule kesi haisikilizwi hadharani, afisa ustawi anakuwepo, na mtoto mwenyewe ana haki ya kutoa maoni yake. Amri ya kwanza ikifutwa haina maana kaka yako kasafishwa, hakuna aliyeamua kwamba watoto hawakufungiwa.

Makosa ya utaratibu kama haya, kwenye kesi za jinai ndo yanaumiza watoto zaidi, na hapa nakasirika kweli. Tangu 2016 mtoto wa miaka 14 kushuka chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo lakini lazima kwanza aahidi kusema ukweli, na zipo hukumu za ubakaji zilizotenguliwa kwa sababu hakimu hakuandika ile ahadi, mtoto kashaeleza yote, mtu mzima kasahau sentensi moja. Na amri ya kesi kusikilizwa upya haitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

Mama yao naye mtafuteni huko Omani mapema, ni mzazi, asipojulishwa mtakua mmempa mtu mwingine sababu ya kupinga tena.