Maneno ya baba yako yako wapi kwenye jalada?

Mwandishi wa safu hii alikuwa karani na mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Mwezi huu anajibu barua tatu kuhusu lugha na haki.

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ni mkulima hapa Kahama. Alishtakiwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa shamba alilolifyeka mwenyewe kabla sijazaliwa. Siku zote za kesi walizungumza Kiswahili, na baba akawa anarudi nyumbani ametulia kwamba kasema yote. Mwezi uliopita alishindwa. Hukumu imekuja kwa Kiingereza. Kijana wa duka la kutoa kopi alinisomea, akasema imeandikwa kwamba baba alikiri hana uthibitisho wowote wa umiliki. Baba anaapa hakukiri kitu. Aliulizwa kama ana hati, akajibu, "Sina, shamba nililifyeka mimi, majirani wote wanajua." Inakuwaje mtu anashindwa kwa maneno ambayo siyo yake? *Msomaji, Kahama*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kalenda. Rufaa kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na siku hizo hazikungojei upate mtu wa kukutafsiria. Kesho asubuhi peleka barua ya kuomba nakala ya hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo mzima wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama hamna fedha za wakili, tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

Sasa hilo la lugha. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 iliruhusu baraza la wilaya lisikilize kwa Kiswahili, ila kumbukumbu na hukumu viandikwe kwa Kiingereza. Soma sentensi hiyo mara mbili. Baba yako anaongea, mwenyekiti anamsikia kwa lugha moja na papo hapo anaandika kwa nyingine, tena mara nyingi kwa mkono, huku watu wanaendelea kuzungumza. Haiwezekani kila kitu kiingie, kwa hiyo anafupisha. Kwenye jibu la baba yako kuna vipande viwili: hana hati, na shamba alilifyeka mwenyewe majirani wakiona. Kipande cha kwanza ni kifupi na kinaandikika upesi. Kipande cha pili ndicho chenye haki yake, maana sheria zetu za ardhi za 1999 zinatambua umiliki wa kimila hata bila karatasi. Ukipata mwenendo, tafuta ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Kama kufyeka hakumo, au kumo kwenye mwenendo lakini hukumu imeliruka jambo hilo, basi hapo pana hoja ya rufaa.

Na hapa niseme jambo ambalo nililiona kila siku nikiwa kizimbani na mashahidi. Wakili anapoongea haangalii uso wa hakimu, anaangalia kalamu. Anasema sentensi moja, ananyamaza, kalamu ikisimama anaendelea. Mzee wa Kisukuma aliyeulizwa kuhusu shamba anaanzia mbali: mwaka wa njaa, nani alikuwa jirani upande wa mtoni, ng'ombe wangapi walitolewa. Huo ndio ushahidi kwa namna anavyoujua yeye, na ni ushahidi mzuri. Lakini unakwenda kasi kuliko wino. Wote wawili wamezungumza Kiswahili kilekile katika chumba kilekile, na mmoja tu ndiye aliyeandikwa kikamilifu.

Utaniuliza, si sheria ilibadilishwa? Ndiyo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na lugha ya mahakama na mabaraza ikawa Kiswahili. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, kwenye Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua Mahakama ya Rufani. Nililia kwa furaha siku hiyo. Hata hivyo sheria imeacha mlango wa Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji, na mazoea ya miongo mingi hayaondoki kwa kura ya siku moja. Kwa hiyo kwenye rufaa, baba aombe mapema na kwa maandishi kwamba shauri liendeshwe na liandikwe kwa Kiswahili. Na atakaposimama tena, aangalie kalamu.

SWALI: Mama, mnakisifu Kiswahili sana. Bibi yangu hapa Babati anajua Kimbulu tu. Kwenye kesi ya mirathi mahakama ya mwanzo, mtu aliyekuwa amekaa tu ukumbini ndiye aliyeitwa amtafsirie, na ni rafiki wa upande wa pili. Bibi aliongea dakika nyingi, yule akasema maneno machache. *Mjukuu, Babati*

JIBU: Una haki ya kuniuliza hivyo. Kwa bibi yako Kiswahili ndicho lugha ya wakubwa, na tusimfiche hilo kwa sababu sisi wengine kimetukomboa. Mahakama za mwanzo zimeandika kwa Kiswahili tangu zamani na ni fahari yangu, lakini fahari hiyo haimsaidii asiyekijua.

Mkalimani huapishwa kama shahidi anavyoapishwa. Mnaweza kumkataa kabla hajaanza, mkitaja sababu: urafiki, undugu, au hajui lugha vizuri. Semeni hapo hapo, msisubiri hukumu. Na mkalimani mzuri hasemi "bibi anasema kwamba alipewa." Anasema "nilipewa," kama bibi mwenyewe, kipande kwa kipande. Ukisikia dakika tano za Kimbulu zimegeuka sentensi moja, simama, omba ruhusa, useme: mheshimiwa, hayajaisha. Kama shauri bado linaendelea, ombeni bibi asikilizwe upya na mkalimani mwingine. Kama limekwisha, hiyo iwe sababu ya rufaa.

SWALI: Ndugu yangu mdogo ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Alikamatwa na magunia ya makaa ya abiria. Kortini aliulizwa, akajibu "ni kweli," akimaanisha magunia yalikuwemo ndani ya tuktuk. Akahukumiwa palepale. *Dada mtu, Malindi*

JIBU: Pole sana. Hii "ni kweli" imewafunga wengi, Kenya na Tanzania. Mtu anakubali kilichotokea, jalada linasoma kwamba amekubali kosa.

Lakini sheria iko upande wenu. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: shtaka na vipengele vyake vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha maelezo ya tukio yasomwe na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza la kwake. Akisema jambo linaloonyesha kwamba hakukubali kosa, iandikwe amekana. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, inampa pia mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya mahakama.

Ombeni nakala ya mwenendo leo, kwa sababu rufaa ya jinai kwenu ina siku 14. Kwa kawaida aliyekiri hukata rufaa dhidi ya adhabu pekee, ila kukiri kwenye utata kunaweza kupingwa kwenye rufaa. Angalieni baada ya ule mstari wa "ni kweli": je, maelezo ya tukio yalisomwa? Aliulizwa anasemaje kuyahusu? Kama alitaja abiria, limeandikwa? Majibu ya hayo matatu mpelekeeni wakili, na mwambieni awaeleze kwa Kiswahili kile atakachokiandika kabla hajakipeleka.