Maswali ya Krismasi: wachungaji, makinda ya njiwa na igizo la watoto

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Kwa nini malaika aliwaendea wachungaji, asiende kwa makuhani Yerusalemu? (Msomaji, Dodoma)

Amina. Umbali haukuwa kizuizi, maana Yerusalemu iko kama kilomita 9 tu kutoka Bethlehemu. Tena kuhani mmoja, Zakaria, alishatokewa na malaika hekaluni (Luka 1), akasita kuamini, akawa bubu. Wachungaji wao walikuwa kazini, wakilinda kundi kwa zamu usiku. Waliposikia habari, wakaambiana waende, wakaondoka kwa haraka. Wapo wanaohubiri kwamba walikuwa watu wa kudharauliwa, karibu sawa na wezi. Luka hasemi hivyo, na mimi sipendi kuwapakazia. Daudi mwenyewe alitolewa kwenye kondoo, hapo hapo Bethlehemu. Walikuwa watu wa kazi, kama mlinzi wa getini anayekesha mtaa mzima ukiwa umelala.

Tunajuaje kwamba Yusufu na Mariamu walikuwa maskini? (Msomaji, Nakuru)

Soma Luka 2:24 taratibu, mstari ambao wengi tunauruka. Sheria katika Walawi 12 ilimtaka mama aliyejifungua apeleke mwana-kondoo wa mwaka mmoja, pamoja na kinda la njiwa au hua. Asiyemudu mwana-kondoo aliruhusiwa kupeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu. Umaskini hautaji kabisa, lakini aliyeijua Torati alielewa mara moja. Mimi hili linanigusa kuliko hata hori: Mariamu anasimama hekaluni mbele za watu na sadaka ya wasio na uwezo, na sadaka hiyo ni halali kabisa mbele za Mungu. Waliomtambua mtoto siku ile ni wazee wawili, Simeoni na Ana, mjane aliyefunga na kuomba usiku na mchana.

Yule mwenye nyumba ya wageni aliyewafukuza, je, alihukumiwa? (Kijana, Iringa)

Hayumo kwenye Biblia. Luka anasema nafasi ilikosekana, basi. Tumwache.

Mwanangu kapewa nafasi ya mchungaji kwenye igizo la Krismasi. Amenuna, anataka kuwa mfalme avae taji. Nimwambie nini? (Mama, Mwanza)

Mama, msomee Luka 2:15–18 kabla hajalala. Mamajusi wa Mathayo 2 hawaitwi wafalme, wala hatuambiwi walikuwa watatu. Tunachohesabu ni zawadi zao, dhahabu, uvumba na manemane. Aliyekalia kiti cha enzi katika sura ile ni Herode, aliyetaka kumuua mtoto. Mamajusi wenyewe, pamoja na hazina zao, walianguka wakasujudu. Wachungaji ndio waliotangulia kueneza habari, na wote waliosikia wakastaajabu. Kwa hiyo mwombe mwalimu wa Shule ya Jumapili asimwache mwanao asimame tu pembeni na kondoo. Ampe maneno: "Twendeni mpaka Bethlehemu!" Ayaseme kwa sauti, hata waliokaa mabenchi ya nyuma wasikie. Kwa mavazi, kanga yako ya zamani mabegani na fimbo vinatosha.