Boila ya kilowati 35 kwa bafu moja, ya nini?

SWALI: Habari fundi. Nipo Leicester, Uingereza, nyumba ya vyumba vitatu, radiata nane (vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto), bafu moja. Boila yetu ya gesi imekufa, nataka kombi, yaani boila moja inayopasha radiata na maji ya bombani, ya bei ya kati. Fundi wa kwanza kasema nichukue kilowati 35 ili nyumba ishike joto. Wa pili ni jamaa yetu wa huku huku, atafunga kwa nusu bei nikimpa cash. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, hapo usimsikilize hata mmoja. Hii ya "chukua kubwa ndo upate joto" naisikia mpaka nimechoka, na wanaoisema ni mafundi wenzangu, ndo kinachoniudhi. Nyumba kama yako siku ya baridi kali kabisa inahitaji kilowati 6 mpaka 10 hivi kwa radiata zote, basi. Hizo 35 za kwenye boksi ni za maji moto ya bombani, maana kombi haina tanki, inapasha maji yakiwa yanapita. Kilowati 24 zinakupa kama lita 10 kwa dakika, 30 kama lita 12, 35 kama 14, hapo ikiyaongezea maji joto la digrii 35. Sasa chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba la maji baridi jikoni mpaka mwisho, tazama saa. Ikichukua dakika nzima kujaa ujue mtaani kwako yanakuja lita 10 tu, na hamna boila itakayokutengenezea maji ambayo hayajaingia ndani. Bafu moja, 24 mpaka 30 inakutosha kabisa.

Kubwa kupita kiasi kwenye radiata inakuwa kama daladala kwenye foleni, gesi-breki gesi-breki, inawaka inazima, bili inapanda na vipuri vinachoka mapema. Tena hizi za kisasa zinavuna joto la moshi wake zenyewe, lakini vizuri ni pale maji yanayorudi kutoka kwenye radiata yako chini ya digrii 55 hivi. Halafu fundi anakuachia imesetiwa ipeleke maji ya digrii 80 kwenye radiata, anaondoka! Mwambie aishushe 60, ukiona nyumba inachelewa kupata joto pandisha kidogo kidogo.

Huyo jamaa wa cash sasa. Nusu bei inatoka wapi? Haoshi mabomba, kwahiyo tope jeusi la radiata za zamani linaingia kwenye boila mpya, hafungi filta ya sumaku ya kunasa tope hilo, na bomba jembamba la gesi la milimita 15 analiacha hivyo hivyo bila kulipima, wakati presha ya gesi haitakiwi kushuka zaidi ya milibari 1 toka kwenye mita mpaka kwenye boila. Na hapa nawaambia wote sio dada peke yake, Uingereza fundi kufanya kazi ya gesi kwa malipo bila kusajiliwa Gas Safe, lile daftari la mafundi wa gesi, ni kosa la jinai, "namjua, kafunga nyumba nyingi" sio leseni. Boila ikifungwa vibaya inaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu anaumwa kichwa anadhani ni mafua, akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani kinaanza tena. Kengele yake ifungwe siku hiyo hiyo boila inapofungwa. Na bila kusajiliwa hawezi kukuandikishia kazi ukapata cheti, siku unauza nyumba wakili wa mnunuzi anakiulizia.

Fundi yeyote mwombe kadi yake ya Gas Safe, namba unaihakiki mtandaoni, halafu igeuze: nyuma ndo imeandikwa kama anaruhusiwa boila au majiko tu.