Muulize Mjomba: Dada yupo California, karatasi ya kura imemshinda

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina dada yangu mtoto wa mama mkubwa yupo Sacramento kashakuwa raia wa kule, 2024 ndo kapiga kura mara ya kwanza sa akanirushia picha ya karatasi WhatsApp nikabaki nashangaa. Huku kwetu rais, mbunge, diwani, umemaliza. Yeye ana majina kibao alafu maswali kumi ya ndiyo na hapana, mara kodi za nyumba, mara mshahara, mara wafungwa, na mgombea mmoja wa useneta jina lipo mara mbili! Novemba 2026 wanapiga tena, kaniomba nimsaidie kuchagua mana ana kazi mbili hana muda. Nimjibuje?

JIBU: Marahaba mpwa. Kumchagulia usimchagulie, kodi ya kule hulipi wewe. Ila kumsaidia aelewe karatasi unaweza.

Jina mara mbili sio kosa la uchapaji. Seneta Dianne Feinstein alifariki Septemba 2023, kiti kikajazwa kwa kuteuliwa mtu, kwahiyo 2024 watu walipiga kura mbili kwa kiti hichohicho, moja ya kumalizia kipindi mpaka Januari 2025 na nyingine ya miaka 6 mipya. Adam Schiff na Steve Garvey walikuwepo kote, Schiff akachukua zote. Na asishtuke akikuta wagombea wawili wa chama kimoja wanapambana fainali, California mchujo wa kiti kama ugavana au useneta unawaweka wote pamoja wanaopita ni wawili wa juu, 2018 Feinstein alipambana na Kevin de León na wote ni Democratic. Hapo kusema "mi nafuata chama" hakukusaidii kitu.

Sasa hayo maswali, hapo ndo penye kazi. Tangu 1911 wananchi wa kule wanaweza kupeleka sheria yao kwenye kura wakikusanya saini za kutosha, sheria ya kawaida ni asilimia 5 ya kura zilizopigwa uchaguzi wa gavana uliopita, kubadili katiba ya jimbo asilimia 8. Inasikika tamu eti, ila wakusanya saini wengi wanalipwa, yani mwenye hela anaweza kuleta swali lake kwa wananchi kirahisi kuliko mama muuza genge. Kwahiyo mwambie kabla ya kusoma swali aangalie nani kalileta na nani analipia matangazo.

Alafu awe makini sana na neno ndiyo. Bunge lao 2020 lilipitisha sheria ya kuzuia kuuza tumbaku zenye ladha, kampuni za tumbaku zikakusanya saini, sheria ikasimama mpaka wananchi waulizwe 2022 kwenye pendekezo namba 31. Swali likawa mnaikubali sheria? Yani asiyetaka hizo tumbaku ziuzwe ilibidi aseme NDIYO, na mtu aliyesoma haraka akaona tumbaku akaweka hapana, kawasaidia wenye tumbaku. Ndiyo ilishinda kwa kama asilimia 63, lakini mi sitaki kujua ni wangapi walijichanganya. Akikuta swali, ajiulize hivi, nikisema hapana kesho inakuwaje?

Hela nayo isimtishe sana. 2020 kampuni za usafiri na chakula za mtandaoni zilimwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye namba 22 ili madereva wao wasihesabiwe waajiriwa, zikashinda. Lakini 2022 wenye kubeti mtandaoni nao walimwaga mahela kwenye namba 27 wakaambulia ndiyo chini ya asilimia 20, na mimi nikiwaona vijana wetu na mikeka yao hapa mjini siwaonei huruma hata kidogo.

Kuna kijitabu jimbo linamtumia kila mpiga kura, kina hoja za pande zote mbili, asome hicho kwanza hata kwenye basi. Pakiwa na swali la hati fungani kama zile mbili za dola bilioni 10 kila moja za 2024, hilo ni deni linalolipwa na riba miaka na miaka, asidhani ni msaada. Na asiloelewa aliache wazi! Kura zake zingine zinahesabiwa kama kawaida.

SWALI: Mjomba, na sisi Bara lini tutaulizwa ndiyo au hapana? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Zanzibar waliulizwa Julai 31, 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, kama theluthi mbili wakasema ndiyo. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum hapahapa Dodoma Oktoba 2014, kura yake ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Tarehe sina nikupe. Ila kama uko kijijini una mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe pale. Umehudhuria wa mwisho?